Fungu la Mbwa

Mbwa wa Isiolo hana kalenda, lakini sikukuu huijua mapema kuliko watoto. Huijua kwa mlio wa kisu kikinolewa juu ya jiwe, kwa mbuzi aliyefungwa peke yake chini ya mgunga badala ya kwenda malishoni na wenzake, na kwa kitunguu kinachokaangwa saa ambayo siku nyingine jiko huwa baridi. Pua yake ina seli za kunusia zaidi ya milioni 200; yetu sisi ina milioni tano au sita tu. Kabla basi la Nairobi halijamteremsha shangazi na mabegi yake, mbwa ameshajilaza karibu na jiko, kidevu juu ya miguu ya mbele, macho ameyafumba nusu, kama asiye na habari ya lolote.

Ninamwandikia mbwa huyo kwa sababu Desemba ikifika, yeye ndiye hulaumiwa kuliko yeyote bomani. Huitwa mwizi, mdokozi, mlafi, asiye na haya. Hurushiwa ndala, hurushiwa kuni, na mahali pengine humwagiwa maji ya moto, jambo ambalo sijawahi kuliona likichekesha hata wakati wenzangu walipocheka. Kwa maoni yangu kesi yake haijasikilizwa vizuri.

Isiolo, kaskazini mwa Kenya, ni mji wa sikukuu mbili. Adhana na kengele husikika katika mitaa ileile, na mtoto wa Bulla Pesa au Kiwanjani hukua akijua kwamba nguo mpya huvaliwa zaidi ya mara moja kwa mwaka, iwe nyumbani kwao ama kwa jirani. Waborana na Wasomali wa mji huu wengi ni Waislamu. Wameru na Waturkana wengi ni Wakristo. Wasamburu wako wa kanisani na wako wanaoshika mila za wazee wao. Kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, Idd huzunguka mwaka mzima, na kuna nyakati ambapo hukutana na Krismasi njiani. Mwaka 2007 Idd ya kuchinja iliangukia siku chache tu kabla ya tarehe 25 Desemba. Mwaka 2033 Idd-ul-Fitri inatarajiwa kuja tena katika juma la Krismasi. Miaka ya namna hiyo harufu ya nyama haiondoki hewani juma zima, na mbwa wa mji mzima hawapati usingizi.

Kuna desturi moja ya hapa ambayo naipenda kuliko hotuba zote za amani. Nyumba nyingi za Wakristo humwita jirani Mwislamu aje kumchinja mbuzi wa Krismasi, ili kila atakayepita mlangoni siku ile aweze kula. Mzee huja asubuhi na kanzu yake, anakunja mikono, anataja jina la Mungu, kazi inakwisha. Lakini kabla hajaingia uani, husimama kwenye lango na kuuliza swali moja: mbwa amefungwa? Madhehebu ya Shafii, ambayo Waislamu wengi wa Kenya huyafuata, huyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi nzito. Yakigusa chombo, sharti kioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo. Dini haikumfukuza mbwa moja kwa moja. Sheria imeruhusu wa kulinda mifugo, wa shamba na wa kuwinda, na ndiyo sababu mfugaji wa Kiborana aliye mbali huko Merti au Garbatulla naye utamkuta na mbwa kando ya zizi. Ila wa zizi ni wa zizi. Hapandi mkekani.

Katika boma la Kiturkana mambo ni tofauti, na mimi ndiko nilikolelewa, upande wa Ngaremara, kaskazini ya mji kwenye barabara ya kwenda Archer's Post. Kule mbwa ni mtu wa nyumbani. Amezaliwa pale, ana jina, na anajua mtoto yupi ni wa boma na yupi ni mgeni. Wetu aliitwa Simba, jina ambalo wamepewa nusu ya mbwa wa Kenya. Katika kaunti hii jina hilo lina uzito wake: Isiolo ilijulikana duniani kwa sababu ya simba jike, Elsa, aliyelelewa hapa mjini kuanzia 1956 nyumbani kwa George Adamson, bwana nyama wa serikali ya kikoloni, na mkewe Joy, ambaye kitabu chake juu ya Elsa kilitoka 1960. Mbwa wetu wa rangi ya vumbi hakuandikiwa kitabu na mtu yeyote.

Krismasi ninayoikumbuka zaidi, mbuzi alikuwa ameshachunwa na kutundikwa mgungani. Maini yalikuwa yamechomwa na kupelekwa kwa wazee. Matumbo yalikuwa kwenye karai, yakisubiri maji. Mapaja mawili yalilazwa juu ya sinia, kwenye benchi, yamefunikwa kwa gunia safi. Simba alikuwa hatua chache kutoka hapo, na kwa muda mrefu hakuitazama nyama hata mara moja. Alitazama lango. Gari aina ya Probox ikaingia na vumbi lake, milango ikafunguka, watu wote wakainuka kwenda kuwapokea wageni: mikono, vicheko, mabegi, mtoto mpya kupokezanwa. Mbwa mjanja haibi wakati wa njaa yake. Huiba wakati wa maamkizi. Tulipogeuka, gunia lilikuwa chini na paja moja lilikuwa linavuka jivu, linapita chini ya uzio wa miiba, mbwa mwenyewe tukimwona mkia tu. Karai la matumbo, lililokuwa karibu zaidi, hakuligusa. Alikuwa amechagua.

Binamu zangu wa Nairobi walimkimbilia na fimbo. Wajomba walikasirika kweli, maana paja lile lilikuwa na mwenyewe. Kwa wafugaji wa kaskazini mbuzi hagawanywi ovyo: kuna kiungo cha wazee, kuna cha akina mama, kuna cha vijana waliochunga, na anayekosa fungu lake hukumbuka mpaka mwaka wa pili. Nyanya, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda chake, hakuinuka. Alisema, "Mwacheni, wajukuu wangu. Huyo ndiye aliyekesha."

Sote tulijua ana maana gani. Fisi walikuwa wameingia karibu na zizi juma lile, na kila usiku Simba alibweka hadi sauti ikamkauka, akawa anatoa mkoromo tu. Asubuhi hakuna mbuzi aliyepungua, hata huyo tuliyemchinja. Ukitafakari utaona kwamba nyama yote iliyokuwa mezani siku ile ilikuwa imepita mikononi mwa mlinzi huyo kwanza. Kila mtu bomani alikuwa na kiungo chake. Yeye peke yake hakutajiwa chochote.

Watu hubisha kwamba mbwa anajua kuwa amekosa. Mtazame, husema, jinsi anavyoinamisha masikio na kuficha mkia. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York, alilipima jambo hilo kwa mbwa 14 wa majumbani. Mwenye mbwa alimkataza kula kipande cha chakula, akatoka chumbani. Aliporudi aliambiwa mbwa amekula au hajala, na mara nyingine aliambiwa uongo. Ule uso wa hatia ulitokea mbwa alipokaripiwa, awe amekula au hajala. Mbwa anasoma uso wetu na sauti yetu, naye anajinyenyekeza ili ghadhabu ipite. Tunachokiita kukiri kosa ni woga wa bwana wake.

Lakini asichukuliwe kuwa mjinga. Miaka minne baadaye Juliane Kaminski wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, alichapisha utafiti wake wa mbwa 84: walipokatazwa chakula, uwezekano wa kukiiba chumba kikiwa na giza ulikuwa mara nne zaidi ya kikiwa na mwanga. Yaani mbwa huzingatia kama mtu anaweza kumwona. Aliyewahi kupika chapati za mkesha wa Krismasi mjini Isiolo, stima zikapotea ghafla, hahitaji kuelezwa zaidi. Stima zikirudi, zile chapati zimepungua, na mbwa yuko mlangoni, mahali pake palepale.

Katika sikukuu ya Idd utundu wake ulikuwa wa namna nyingine. Sisi watoto tulikuwa tukija mjini kwa rafiki ya mama, nyumba ya Kiborana, kula pilau na kupewa peni mbili tatu za peremende. Simba aliachwa nyumbani, akafungwa kamba. Mwaka mmoja aliikata kamba kwa meno, akatufuata kwa kunusa njia, na tukiwa tunanawa mikono aliingia uani akalilamba sinia, kubwa lile la kuliwa na watu wanane, mpaka likang'aa. Wahenga wamesema ukimzoea mbwa utaingia naye msikitini. Sisi tulikuwa hatua moja tu nyuma ya msikiti. Dada yangu alianza kulia kwa aibu. "Mama, tusamehe," alisema, "ametufuata, hatukumleta."

Mama wa nyumba alimtazama mbwa, akatutazama sisi. "Hamna kosa, wanangu. Leteni mchanga ule wa karibu na mlango." Akachuchumaa na jagi la maji, akaliosha sinia mbele yetu. Mara ya kwanza kwa mchanga, akilisugua kwa kiganja kuanzia katikati hadi ukingoni. Kisha maji, na maji, na maji. Watoto wake na sisi tukahesabu kwa sauti moja hadi saba. Alipomaliza alilianika juani, akaingia jikoni, akatoka na mifupa kwenye karatasi, akamtupia mbwa nje ya lango. Baadaye, nilipokuwa mkubwa, nilisoma habari ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, iliyomo katika hadithi za Bukhari, na ya yule mbwa aliyelala mlangoni mwa pango katika Sura ya Al-Kahf. Yule mama alizijua zote mbili bila shaka. Alilinda twahara ya nyumba yake na mbwa akala, na hakuona mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili.

Halafu ukaja ukame. Kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ilipita bila mvua ya maana, na mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa katika kaunti kame za Kenya. Mbwa walinenepa kwanza, kwa mizoga iliyotapakaa kando ya barabara, kisha wakakonda kama sisi. Krismasi ya 2022 katika maboma mengi ya kwetu hakukuwa na mbuzi wa kuchinja. Palikuwa na maharagwe na unga wa msaada. Simba alikuwa ameshakufa kwa uzee. Mwanawe, mwenye doa jeupe kifuani, ndiye aliyeshika zamu. Usiku wa tarehe 24 nilitoka nje na kumkuta amelala kwenye mlango wa zizi. Ndani hamkuwa na kitu. Alinyanyua kichwa, akanitambua, akakilaza tena. Hakuna mwaka ambao mbwa alikuwa na haki zaidi ya kutuacha akatafute riziki mahali pengine, na hakwenda.

Ninayaeleza haya ili nifike kwenye jambo linalonikera kweli. Mbwa hakosi fungu kabisa siku ya kuchinja. Analo, nalo ndilo baya kuliko yote. Mchunaji akipasua mbuzi, ng'ombe au ngamia, mara nyingine hukuta kwenye pafu au kwenye ini vifuko vyeupe vilivyojaa maji. Anajua hiyo si nyama ya kumpa mtu. Anaikata na kumrushia mbwa aliyekaa karibu akitikisa mkia, na kila mtu huona amefanya wema. Ndani ya vifuko hivyo mna mbegu za tegu mdogo sana, wa milimita chache tu, anayekomaa katika utumbo wa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi, hushika manyoya, hushika mchanga wa uani, huingia kwenye maji. Mtoto akiyameza, vifuko vilevile huota ndani yake, kwenye ini au mapafu, na vinaweza kukua miaka mingi bila maumivu mpaka tumbo livimbe na pabaki kisu cha daktari. Mbwa mwenyewe haonyeshi dalili.

Ugonjwa huu, haidatidi, umeitesa nchi ya Waturkana kwa viwango vilivyokuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Sababu moja ni ya upendo. Mahali ambapo maji ni ya kufuatwa mbali, mbwa wa boma amekuwa kama yaya: humlamba mtoto mchanga anapojisaidia au kutapika, akamwacha mkavu. Wageni walioandika juu ya desturi hii walishtuka. Mimi sishtuki, akina mama wale walitumia msaada waliokuwa nao, na mbwa alifanya kazi yake kwa upole. Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza mradi wa kuudhibiti ugonjwa huo kaskazini magharibi mwa Turkana, kwa kuwapa mbwa dawa ya minyoo, kuwapima watu na kuwafundisha wasiwarushie mbwa viungo vibichi. Somo lenyewe ni fupi. Lakini ndilo linalosahauliwa asubuhi ya sikukuu, kukiwa na wageni, haraka, na mbuzi watatu wa kuchunwa kabla ya ibada kwisha.

Kwa hiyo nikipima utundu wa mbwa na utundu wetu, wake ni mwepesi. Yeye ameiba paja. Sisi tumemlipa mlinzi wetu kwa kitu tulichokikataa wenyewe kwa kukiona ni kibovu, kisha tukamwachia watoto wacheze naye mchangani.

Nina neno pia kwa wanaokuja kutoka Nairobi, Nakuru au Mombasa, kwa kuwa watoto wenu ndio wanaoumwa. Mbwa wa kijijini hakuwahi kuwaona. Anaona kundi la wageni wadogo wanaokimbia na kupiga kelele ndani ya eneo alilopewa alinde, tena siku ambayo amelazwa njaa na ameshapigwa na ndala. Mtoto akimkaribia akiwa anaguguna mfupa, ataumwa, na mbwa atauawa jioni ile. Waambieni mapema: mbwa anayekula haguswi, aliyefungwa hachokozwi, mwenye watoto wachanga hasogelewi. Mtoto akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni Krismasi, hata kama mbwa ni wa nyanya na anaonekana mzima. Karibu vifo vyote vya kichaa cha mbwa duniani hutokana na kuumwa na mbwa, na dalili zikishaanza hakuna dawa. Kenya ilijiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa vifo hivyo. Ili tufike huko, mbwa 70 katika kila 100 sharti wachanjwe, na mbwa wa Ngaremara, Burat na Oldonyiro wamo katika hesabu hiyo sawa na wa Nairobi.

Basi sikukuu hii mtajieni mbwa fungu lake kama mnavyowatajia wengine. Liwe nyama iliyochemshwa, apewe kabla wageni hawajafika, kwenye chombo chake mwenyewe, mbali na mkeka. Mifupa ya kuku iliyopikwa msimpe, huvunjika vipande vikali na kumchana tumbo. Pafu au ini lenye vifuko vya maji lichomwe moto hadi liishe, ama lizikwe kwenye shimo refu lililofunikwa kwa mawe, pasipofukulika. Dawa ya tegu, prazikwanteli, muulizeni daktari wa mifugo aliye karibu nanyi; na chanjo ya kichaa apewe kila mwaka, ikiwezekana mwezi wa Novemba, kabla nyumba haijajaa watoto.